Mbeleko ya Mtoto Mchanga: Anza na Kidevu

Shikamooni wakubwa, na nyie wadogo zangu hamjambo. Karibuni, sogeeni mbele viti viko, we dada wa gauni la kijani usisimame na hilo tumbo, njoo ukae hapa karibu na feni. Naona wengine mmekuja na waume zenu, asanteni sana kwa hilo, manake baba na yeye atambeba huyu mtoto kwahiyo anatakiwa ajue haya haya.

Mimi ni mkunga, nimekaa wodi ya wazazi miaka kumi na tisa, na nina watoto watatu. Leo nimeombwa niongee kuhusu mbeleko ya mtoto mchanga, na swali ninaloulizwa kila siku kliniki ni "nesi, ninunue ile ya mabelti au nitumie kanga tu?" Na mimi siku zote kabla sijajibu mambo ya belti na kanga naanza na kidevu.

Tufanye wote saivi. Kaa wima. Haya inamisha kichwa mpaka kidevu kiguse kifua, kibonyeze kabisa pale chini ya shingo. Sasa vuta pumzi kwa pua, taratibu. Mnasikia inavyobana? Na nyie ni watu wazima, shingo zimekomaa, koromeo pana. Mtoto wa wiki mbili njia yake ya hewa ni nyembamba na laini, kichwa chake peke yake ni kama robo ya urefu wake wote, na shingo haina nguvu ya kukinyanyua, kwahiyo kikiangukia mbele ndo kimeangukia, hana namna. Na hatalia, manake kulia kunataka hewa. Atakaa kimya tu, na wewe utajua amelala.

Hili silisemi kwa kusoma tu. Mwanangu wa pili nilimnunulia kibebeo cha mfuko, kile kinachoninginia begani kama kipochi kikubwa, mtoto analala ndani amejikunja kama yuko kwenye bakuli. Aliyeniuzia aliniambia ni cha watoto wachanga kabisa, na mimi nikaamini kwa sababu kilikuwa laini na kizuri. Mtoto alikuwa na siku ishirini na mbili. Nikamuweka, nikawa natembea naye ndani nafanya kazi zangu, katulia kabisa, nikashukuru Mungu. Nilivyofungua kitambaa kumwangalia nikakuta kidevu kiko kifuani, pua imeingia kwenye nguo, mdomo umezungukwa na rangi ya bluu ya kukosa hewa, ile ambayo mkunga yeyote anaijua. Nikamtoa, nikamnyoosha, nikamsugua mgongo, akavuta pumzi moja kubwa ndo akaanza kulia. Kile kilio mpaka leo nakisikia. Na mimi nilikuwa mkunga tayari, nilikuwa nafundisha wenzangu, kwahiyo usiseme mimi mjanja halitanikuta.

Vibebeo vya aina ile vimeua watoto. Mwaka 2010 kule Marekani, tume yao inayosimamia usalama wa bidhaa ilitoa tahadhari kwamba katika miaka kama 20 wamepata taarifa za vifo 14 vinavyohusiana na vibebeo vya kitambaa, na watoto 12 kati ya hao walikuwa hawajafika miezi minne. Wengi walikuwa njiti au pacha wenye uzito mdogo au wana mafua, yaani wale ambao pumzi yao ilishakuwa ya tabu. Kwahiyo kama mwanao kazaliwa kabla ya wakati, au uzito haujatimia, au amebanwa kifua, uliza daktari kwanza kabla hujamfunga kwenye kitu chochote.

Sasa kibebeo kizuri kikoje. Mi nawaambieni hivi, mchukue mtoto mkononi bila kitambaa, mkumbatie kifuani wima kama unataka kumcheulisha. Angalia alipokaa: kichwa kiko juu kifuani kwako, ukiinama kidogo tu unambusu utosini, uso umegeukia pembeni na unauona wote, mgongo umeshikwa na kiganja chako, magoti yamepanda juu kuliko makalio, kama chura. Hapo ndo penyewe. Mbeleko yoyote unayotaka kununua inatakiwa imuache mtoto hapo hapo alipokuwa mkononi mwako, isimshushe wala kumlaza kwa kumkunja. Kuna kipimo rahisi, ukishamfunga mkumbatie tena kwa mikono juu ya kitambaa. Akisogea akaja karibu zaidi na wewe, ujue ulimfunga legelege, fungua uanze upya. Na vidole viwili vipite chini ya kidevu chake, muda wote, sio mara moja asubuhi, kila baada ya dakika chache unaangalia.

Watu wanaogopa kubana. "Nitamuumiza". Kulegea ndo kunakomuumiza, kitambaa kikilegea mtoto anateleza chini, mgongo unapinda, kidevu kinarudi kifuani. Bana.

Miguu sasa. Nyonga ya mtoto mchanga bado ni laini, kile kichwa cha mfupa wa paja hakijakaa sawasawa kwenye kikombe chake, na kinakaa vizuri miguu ikiwa imepanuka na magoti yamepanda. Ndo maana sehemu ambazo watoto wanafungwa miguu imenyooka kama mzigo wa kuni matatizo ya nyonga ni mengi kuliko kwetu huku tunakobeba mtoto ametanua miguu. Kwahiyo ukikuta kibebeo cha mabelti sehemu ya kukalia ni nyembamba, miguu inaninginia wima kama suruali kwenye kamba, kiache. Kitambaa kitoke nyuma ya goti hili mpaka nyuma ya goti lile. Ila kwa mchanga kabisa usimlazimishe kutanua sana, mkunje tu kama alivyokuwa tumboni, magoti juu, mwenyewe atatanuka anavyokua.

Haya, kanga. Hapa nimekuja na unga kilo mbili na sukari kilo moja nimevifunga pamoja kwenye taulo, ndo mtoto wetu wa kilo tatu leo. Kanga hii ni mpya nimeitoa dukani makusudi ili muone. Nafunga fundo begani... nabana... sasa naruka kidogo hivi. Mmeona? Fundo limetembea. Kanga mpya ina uwanga, inateleza, ukiifunga leo imetoka kwenye doti kesho unaokota mtoto chini. Ifue mara tatu nne mpaka iwe laini ndo umbebee. Halafu kanga ina kama mita moja na nusu tu, kwa dada mwembamba inatosha, lakini mwenzangu na mimi wenye miili, ukishamzungusha mtoto mbele na kupitisha begani masikio ya fundo yanabaki mafupi kama vidole. Fundo la masikio mafupi usiliamini. Ukiona hivo chukua kitenge.

Kitenge kinauzwa pisi ya yadi sita, yaani mita tano na nusu hivi. Hiyo pisi moja mpelekee fundi akate kwa urefu, upana ubaki kama sentimita 70, apinde kingo vizuri, tayari una kitambaa kirefu cha kuzungusha mwilini mara mbili na kufunga kiunoni, uzito unakaa mabega yote mawili na mgongoni. Wale wanaouza vitambaa virefu vya kuvutika mtandaoni kwa bei ya kutisha, kinachofanya kazi pale ni urefu na namna ya kufunga. Chagua pamba, na chepesi, na hilo kwa hapa Dar nalikazia sana, manake mwili wako ni joto, mwili wa mtoto ni joto, na kitambaa ni nguo nyingine. Mtoto akiwa kwenye mbeleko mvishe kifulana na nepi inatosha. Lile sweta na kofia ya sufu na soksi mchana wa Januari, vua jamani. Gusa shingo yake kwa nyuma, ikiwa na jasho mtoe.

Zile za pete, kitambaa kinapita kwenye pete mbili begani, ni nzuri sana kwa mchanga kwa sababu unakaza kidogo kidogo. Shida ni pete yenyewe. Fundi akikuwekea pete za pazia au zenye kiungo cha kuchomelea, siku moja inaachia. Pete iwe nzima haina maungio na iwe imetengenezwa kubeba uzito, la sivyo acha. Na za mabelti, kabla hujalipa soma uzito wa chini ulioandikwa, nyingi zinaanzia kilo tatu na kitu, na wako anaweza kutoka hospitali na kilo mbili na nusu. Kama ni ya mtumba kunja kila mshono, bonyeza kila kifungo usikie kinalia "ta", ukikuta uzi umechanika usiseme nitashona. Mtoto asitazamishwe mbele mpaka shingo ikaze vizuri. Na waliojifungua kwa upasuaji, belti ya kiunoni inakaa juu ya kidonda, kwahiyo subirini au tumieni kitambaa mkifunge kwa juu, kisiguse kidonda.

Nafikiri mnajua mbeleko kwetu sio kitu kidogo. Kwenye mahari mpaka leo kuna watu wanatoa mkaja na mbeleko kwa mama mzaa binti, yaani mwanaume anamrudishia mama mkwe ile nguo aliyombebea huyo binti. Hata hivi vibebeo vya dukani kuna vilivyotoka huku huku Afrika. Kuna nesi Mmarekani anaitwa Ann Moore, alikuwa Togo miaka ya 60 akaona akina mama wanavyobeba watoto mgongoni na watoto walivyotulia, aliporudi kwao akajifungua binti akataka kumbeba vile vile, akashindwa, mtoto akawa anateleza, ndo mama yake mzazi akamshonea kibebeo chenye mikanda. Ile ndo Snugli, mama wa hivi mnavyoviona Kariakoo.

Na kuna habari ya kifua kwa kifua. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey alikuwa na njiti wengi kuliko mashine za kuwatia joto, akaanza kuwafunga kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wima. Tunaita kangaruu. Mwaka 2021 ukatoka utafiti mkubwa uliofanyika nchi tano, na Tanzania ikiwemo, watoto waliozaliwa na uzito kati ya kilo moja na kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mapema tu baada ya kuzaliwa bila kusubiri wapate nafuu, vifo vilikuwa pungufu kwa robo kulinganisha na waliosubirishwa. Mimi nimewaona wodini watoto wa kilo moja na robo wamefungwa kitenge kifuani kwa mama, wanapumua vizuri, kichwa kimegeuzwa pembeni, kidevu kimenyanyuka kidogo. Ukitaka kujua mbeleko ya mtoto mchanga inatakiwa kuwaje, ni ile.

Swali la bibi pale nyuma, naam shikamoo bibi. Bibi anasema wao walibeba mgongoni arobaini ikiisha tu na watoto wakakua. Ni kweli kabisa bibi, na mlifunga kwa kubana haswa, kutoka kwapani mpaka chini ya makalio. Ila bibi nikuulize, ulipokuwa umembeba mgongoni nyuma yako kulikuwa na nani? Wifi, mama mkwe, jirani, mtu wa kukwambia "we, mtoto kapinda shingo". Hawa wajukuu zako wengi wamepanga chumba kimoja, anashinda peke yake mpaka mume arudi saa mbili usiku. Mgongoni hamuoni. Ndo maana nawaambia miezi mitatu minne ya mwanzo mbele, unamuona, shingo ikikaza mpeleke mgongoni kwa raha zako.

Mwingine kauliza kunyonyesha humo humo. Unaweza, mlegeze ashuke kwenye ziwa, lakini akimaliza mrudishe juu wima na ukaze tena, usimuache pale chini usingizi ukampitia na ziwa liko puani. Na ukisikia wewe mwenyewe usingizi unakuja mtoe umlaze, usijilaze naye kwenye kochi. Jikoni kwenye mafuta ya moto na jiko la mkaa hapana. Bodaboda hapana kabisa, mbeleko haimshiki mtoto pikipiki ikianguka. Ukitaka kuokota kitu piga goti, usiiname kiuno.

Haya, huu unga na sukari nauacha hapa mezani, kanga zilizofuliwa ziko nne na vitenge viwili. Akina baba tuanze na nyie, kaka wa shati jeupe njoo ufunge, mkeo akusimamie, na wengine angalieni kidevu kiko wapi.