PSA: alama ya tezi, si alama ya saratani

Wazee wangu, akina mama, na vijana wa Moshi mliofika jioni hii, shikamooni na habari zenu.

Mzee mmoja wa Machame alinijia na karatasi ya maabara aliyoikunja mara nne. PSA yake, kipimo cha damu cha tezi dume, ilikuwa 18, na kwa kuwa alikwisha kuambiwa kwamba inayozidi 4 ni saratani, alikuwa amewaita wanawe awagawie kihamba, shamba la ukoo. Hakuna aliyezingatia kwamba damu ile ilitolewa akiwa na mpira wa mkojo na maambukizi. Tulimtibu, tukasubiri wiki nane, tukapima tena: 3.

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, iwe nzima au iwe na maradhi, ili kuyeyusha shahawa, na kiasi kidogo huvujia kwenye damu. Tezi ikitanuka kwa umri au ikiambukizwa, huvuja zaidi. Upande wa pili nao una mtego wake: katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004, wanaume 2,950 ambao PSA yao haikuzidi 4 walichukuliwa vinyama vya tezi vikapimwa, na takribani 15 katika kila 100 wakakutwa na saratani, ingawa nyingi hazikuwa za aina kali.

Ndiyo maana watafiti wanaendelea kusaka alama nyingine ndani ya damu hiyohiyo. Iligundulika kwamba kwa mwenye saratani sehemu kubwa zaidi ya PSA huwa imeshikamana na protini nyingine, hivyo uwiano wa ile iliyo huru hupungua, na uwiano huo husaidia pale jumla inapokuwa kati ya 4 na 10. Vipande vya vinasaba vya uvimbe navyo hutafutwa, lakini ugonjwa ukiwa mchanga huwa vichache mno kuonekana. Ninachokitamani mimi ni alama itakayotenganisha saratani inayoua na ile ambayo mtu huzeeka nayo, tena iliyojaribiwa kwa damu ya wanaume wa huku, kwa sababu huko Marekani wanaume weusi hufa kwa ugonjwa huu takribani mara mbili ya weupe, ilhali tafiti kubwa za PSA zilitegemea zaidi wanaume weupe.

Kwa sasa, baba zangu, kabla ya kutoa damu mwelezeni daktari kama mna mpira wa mkojo, kama mkojo unachoma, au kama mnameza finasteridi, dawa ya tezi iliyotanuka, kwani dawa hiyo hushusha PSA karibu nusu na kuuficha ugonjwa.