Nota kwenye Kishikwambi: Feni, Pedali na Kiitikio cha Ukurasa wa Kwanza

NEEMA: Karibuni tena. Leo tunaongea na wapiga vinanda na walimu wa kwaya wanaotaka kuachana na makaratasi na kusomea nota kwenye kishikwambi, yaani tablet. Kaka Deo, feni ya kanisani inayopeperusha makaratasi imekushinda?

DEO: Ilinishinda zamani, dada. Ila nianze na ugomvi: acheni kupiga picha nota na kuzirusha WhatsApp.

NEEMA: Mbona kwaya karibu zote ndivyo zinavyofanya?

DEO: Ndiyo maana. Picha ikibanwa, nukta ya pembeni ya noti inapotea. Noti ya mapigo matatu inaimbwa mawili, halafu waimbaji wa sauti ya tenori wanalaumiwa bure. Ukilazimika, itume kama dokumenti. Bora upakue PDF yenyewe. Nyimbo zetu za Kikatoliki zipo kwenye tovuti ya Swahili Music Notes.

NEEMA: Na tukitaka nyimbo za mtunzi Handel wakati wa Krismasi?

DEO: Kwa kwaya kuna CPDL, maktaba ya nota mtandaoni, ipo tangu 1998. Kwa vinanda na okestra nenda IMSLP, maktaba nyingine ya mtandaoni, ya 2006. Hii iliwahi kufungwa Oktoba 2007, mchapishaji mmoja wa Vienna alipoidai hakimiliki, ikarudi 2008.

NEEMA: Handel kafa 1759, nani anadai?

DEO: Yeye hatudai kitu. Lakini toleo lililohaririwa juzi lina mwenyewe. Na kwetu Tanzania, kama Kenya, haki ya mtunzi inadumu miaka 50 baada ya kifo chake. Alichokiweka mwenyewe mtandaoni, pakua. Kuskani kitabu chake kizima na kukigawa, hapana.

NEEMA: Haya, kifaa. Karatasi ya A4 kwa ulalo inapita inchi 14, vishikwambi vingi ni inchi 10.

DEO: Kata pambizo, ile nafasi tupu ya kandoni. Programu za kusomea nota, MobileSheets ya Android na forScore ya iPad, zote zinakata, na noti zinakua papo hapo. Usinunue kifaa kipya kabla hujajaribu hilo.

NEEMA: Mimi kinachonitesa ni kiitikio. Kipo ukurasa wa kwanza, mashairi yapo wa pili. Kila shairi likiisha narudi nyuma, mkono mmoja hewani, kwaya inanitazama.

DEO: Usirudi nyuma hata siku moja! Panga kurasa upya humo humo kwenye programu: moja, mbili, moja, mbili, mpaka mashairi yaishe. Wewe unakwenda mbele tu.

NEEMA: Eh! Hilo mbona hukuniambia mapema?

DEO: Hukuuliza, dada. Halafu tafuta pedali ya bluetooth ya kugeuzia kurasa kwa mguu. Kishikwambi kinaiona kama kibodi tu, inayobonyeza kitufe cha ukurasa unaofuata, kwa hiyo inakubaliana na programu nyingi. Kwenye kinanda cha umeme mguu wa kulia uko kazini, wa kushoto unakaa bure.

NEEMA: Na anayepiga ogani yenye pedali za miguu?

DEO: Huyo agonge kioo kwa kidole, na awashe kugeuza nusu: juu inakuja nusu ya ukurasa unaofuata, chini anamalizia alipo. Anapata muda wa kupumua.

NEEMA: Simu za WhatsApp zikiingia katikati ya Utukufu je?

DEO: Weka hali ya ndege. Kisha angalia bluetooth; ikizimika nayo, iwashe peke yake, la sivyo utakanyaga pedali mpaka Amina na ukurasa uko pale pale.