Bastola ya kwanza: ipime mkononi kabla hujalipa

Karibu tena, mtazamaji. Hapa mezani nina bastola tatu, na sijaiamini hata moja. Tazama mikono yangu: mtutu naelekeza kwenye ule ukuta wa mchanga, kidole kiko nje ya kifyatulio, nachomoa magazini, yaani kile kibebeo cha risasi, kisha navuta sleidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, nyuma mpaka ikwame. Natazama chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, naipapasa na kwa kidole kidogo. Tupu. Usigeuze mpangilio huu. Ukivuta sleidi magazini ikiwa bado ndani, inapanda risasi nyingine. Unachomoa magazini ukidhani umemaliza, kumbe moja imelala chembani.

Haya, chukua hii ya kwanza. Nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada ikae juu kabisa ya mpini, mtutu unyooke na mkono wako. Sasa peleka kidole kwenye kifyatulio. Ncha yake inafika katikati bila kuhangaika? Hiyo inakufaa. Mimi hapa, ona, nalazimika kuizungusha kiganjani ndipo nifike, na mtutu tayari umekwenda pembeni. Ni kubwa kwangu, basi, hata ingekuwa nzuri vipi. Nyingine huja na vipande vya kubadilisha mgongo wa mpini, kwa hiyo uliza kabla hujairudisha.

Ya pili ndiyo inayowaponza wengi: hii ndogo, ya kutosha mfukoni. Watu husema ndogo ndiyo rahisi. Risasi yake ni milimita 9, ileile ya bastola kubwa. Kubwa ina uzito wa kumeza teke, ule msukumo wa kurudi nyuma unapofyatua. Hii nyepesi inakuletea lote mkononi, na kidole chako cha mwisho kinaning'inia hewani kwa sababu mpini umeisha. Nilianza na ya namna hii. Kabla sijamaliza boksi moja la risasi nilikuwa nafumba macho kabla ya kufyatua, na tabia hiyo ilinisumbua kuiacha.

Ukitaka kujifunza bila kuogopa teke, anza na kaliba .22, bastola ya risasi ndogo. Risasi zake ni za bei nafuu, utapiga nyingi.

Hii ya tatu ni rivolva, ile ya kitungi kinachozunguka, risasi sita. Utaambiwa inamfaa mwenye vidole dhaifu kwa kuwa haina sleidi ya kuvuta. Kweli, lakini jaribu kuifyatua bila kukoki nyundo kwanza, yaani bila kuivuta nyuma kwa kidole gumba, uone kifyatulio kilivyo kizito.

Kibali kinatangulia, hilo halina mjadala. Na bajeti yako isiishie kwenye bastola: tenga ya kisanduku cha chuma chenye kufuli, cha kufungwa kwa skrubu mahali watoto hawafiki, na ya risasi za mazoezi.

Ukipata uwanja wa shabaha unaokodisha bastola, piga angalau risasi 50 kwa kila unayoifikiria. Twende basi. Vaa miwani, ziba masikio, naanza na .22.