Nafsi Si Mpangaji

Mwenyekiti, wazee, akina mama, vijana, na wakunga wenzangu niliowaona mmejibanza karibu na mlango ili mtoroke mapema, nawasalimu nyote.

Wanaonifahamu wanajua kwamba nina ugomvi mmoja tu, na kwamba nimeubeba katika kumbi nyingi za Kisumu kabla ya huu. Nagombana na maneno yasemwayo karibu katika kila mazishi ninayohudhuria, kuanzia Nyando hadi Vihiga. Mhubiri husimama kando ya jeneza, hulipiga kofi dogo kama mtu anayekagua tikitimaji sokoni, kisha hututangazia kwamba humo ndani imebaki nyumba tupu, kwa kuwa mpangaji, yaani roho, amehama. Waombolezaji huitikia amina. Mimi huinamisha kichwa nikanyamaza, na majirani zangu wamekwisha kuzoea.

Ikiwa sisi ni wapangaji katika miili yetu, mbona tunahangaika hivyo na nyumba iliyohamwa? Wenye umri wangu mnakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki mwezi wa Desemba 1986. Mjane wake alitaka kumzika karibu na Nairobi, ukoo wake wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya, na taifa zima likafuata mabishano hayo mahakamani hadi alipozikwa Nyalgunga mwezi wa Mei 1987. Simhukumu yeyote katika kesi ile. Nasema tu kwamba watu hawabishani miezi mitano juu ya ganda. Pande zote mbili zilijua, hata kama hakuna wakili aliyelitamka hivyo, kwamba aliyelala mochari alikuwa Otieno mwenyewe.

Najua kuna mtu hapa aliyekwisha kufungua Biblia ili anisahihishe, kwa hiyo twende pamoja huko huko, Mwanzo sura ya pili, mstari wa saba. Mungu anamfanya mtu kwa mavumbi, anampulizia puani pumzi ya uhai, “mtu akawa nafsi hai”. Lisomeni tena neno hilo, “akawa”. Haikuandikwa kwamba alipewa nafsi, wala kwamba nafsi ilimiminwa ndani yake kama maji mtungini. Mavumbi na pumzi vilikutana, na kilichotokana na kukutana huko ndicho kikaitwa nafsi. Neno la Kiebrania lililotumika hapo, nefeshi, lina maana ya koo pia, mahali panapopita pumzi na maji. Na kabla hamjacheka, kumbukeni kwamba Mswahili anayemkamata mwenzake shingoni husemwa amemkaba roho. Tena sura ya kwanza inatumia maneno yale yale kwa viumbe wa majini na kwa ng'ombe, ila wafasiri wetu nadhani waliona haya kidogo, wakawatafutia wanyama neno jingine. Wajaluo mliomo humu nanyi mna neno moja, chuny, kwa ini lililo kwenye sahani na kwa roho inayoomba, na sijasikia mtu akichanganyikiwa mezani.

Habari za mpangaji zilitoka kwingine. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliandika kuhusu watu waliosema kwamba mwili, kwa Kigiriki soma, ni kaburi, yaani sema, wakafurahia jinsi maneno hayo mawili yanavyofanana. Kwetu soma na sema ni kazi za darasa la kwanza, na ningependa zibaki hivyo.

Mtaniuliza muuguzi mstaafu ana haki gani ya kumbishia Plato. Haki yangu niliipata katika chumba cha leba, na hapa naomba mwenyekiti anivumilie, kwa sababu kisa hiki siwezi kukifupisha.

Usiku mmoja wa masika, katika zahanati ndogo ya uwanda wa Kano, wakati mto ulikuwa umekwisha kula barabara na umeme umekatika tangu magharibi, alizaliwa mtoto wa kiume aliyelegea kama leso iliyolowa. Nilimkausha, nikaitupa leso niliyomkaushia, nikamfunika kwa nyingine kavu, nikamsugua mgongo. Kimya. Wakunga huuita muda huo dakika ya dhahabu, kwa kuwa mtoto asiyepumua anapaswa kuanza kupuliziwa hewa kabla ya sekunde 60 kuisha. Nikamlaza, nikamwinua kidevu kidogo kama mtu anayenusa mboga jikoni, nikamwekea usoni barakoa ya ambu, ule mfuko wa kupulizia hewa kwa mkono, nikaanza kubonyeza kwa hesabu tuliyofundishwa: puliza, mbili, tatu, puliza, mbili, tatu. Mama mkwe wa mzazi alinishikia tochi ya simu, na mkono wake ulitetemeka hata kivuli changu kikawa kinacheza ukutani.

Sasa nikiri jambo. Mikono yangu ilikuwa pale, lakini mimi sikuwapo. Nilikuwa nimekwisha kufika asubuhi: natafuta kalamu, najaza rejista, nayapanga maneno ya kumweleza mkubwa wangu kuhusu gari la wagonjwa lisiloweza kupita, tena nachagua yale yatakayoonyesha kwamba kosa si langu. Nilibonyeza mara kumi, labda zaidi, na hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa. Yule bibi ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya omena, “Sista, mbona kifua hakisogei?” Nikatazama. Barakoa ilikuwa imeinuka kwenye shavu la kushoto, upana wa punje ya mchele, na pumzi zote nilizompelekea mtoto zilikuwa zikitokea hapo. Nikaibana, nikaiweka shingo sawa, na safari hii nikakikodolea macho kifua. Kikapanda. Kikashuka. Sikumbuki nilibonyeza mara ngapi baada ya hapo. Nakumbuka mapigo yakienda mbio chini ya vidole vyangu nilipokishika kitovu, kisha mtoto akakoroma mara moja kama mzee aliyeamshwa kanisani, akalia.

Swali langu kwa wahubiri ni hili: katika zile pumzi kumi za bure, roho yangu ilikuwa wapi? Tumefundishwa kwamba kujitenga na mwili ndiko kukaribia mambo ya kiroho. Mimi nilikuwa nimejitenga nao vizuri sana, na mtoto alikuwa akifa. Fikira zina miguu, huenda jana na kesho zipendavyo. Mwili haujawahi kuitembelea kesho hata siku moja. Ulikuwa umebaki pale mezani, mikono ikifanya kazi bila mwenyewe, ukinisubiri nirudi. Niliporudi sikujiona mtakatifu. Nilihisi mgongo ukiniuma na maji yakiingia viatuni, na ndipo nikakiona kifua cha mtoto wa watu.

Kuna atakayesema, “Mama, basi unaukana uzima wa milele.” Siukani. Kanuni ya Imani tunayoikariri Jumapili hutaja ufufuo wa mwili, na nashangaa tunavyoyapita maneno hayo mbio kana kwamba ni anwani ya barua. Mwingine atasema ninafundisha ponda mali kufa kwaja. Huyo namjibu kwamba mponda mali ni mkimbizi. Anaikimbia kesho kwa kasi ile ile ambayo mwenye wasiwasi anaikimbilia. Nendeni Ahero mkamtazame mkulima wa mpunga alfajiri anavyosimama kwenye tuta akipima maji kwa macho. Anataka mavuno kama mtu mwingine yeyote, lakini anachojali ni maji ya asubuhi ile.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, jambo la ajabu kidogo katika mhadhara unaowasihi watu wakae katika wakati uliopo. Nilitaka niwaonyeshe jinsi Mwislamu anayeweka paji la uso chini katika sijida anavyoswali kwa mwili wake wote, mara tano kwa siku, wala hangoji kwanza ahame humo. Nitaliacha hilo kwa mashehe, wanalijua kuliko mimi. Profesa John Mbiti naye, mwanatheolojia wa Kenya, mwaka 1969, aliyachukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akaeleza kwamba kwa Mwafrika wa jadi sasa ni pana, inabeba yaliyopita juzi na yaliyo karibu kutokea, na kwamba mbele ya hapo hakuna wakati ujao wa kutajwa. Wengi wamembishia, nami ningependa kumbishia kidogo, lakini si kwa dakika mbili.

Hoja yangu ya mwisho iliwahusu nyinyi vijana, mnaosalimiana “Sasa?” huku anayejibu “poa” ameinamia simu. Naiacha. Yule mama wa pale nyuma mwenye kitambaa cha kijani ameinua mkono tangu nilipomtaja Plato, na mkono wenyewe naona umechoka. Mpeni kipaza sauti.