Paneli Imechoka au Imechafuka?

NEEMA: Karibuni tena, mimi ni Neema, na fundi Baraka yupo. Kuna msikilizaji wa Usa River anataka kununua paneli za mtumba. Muuzaji kazipima mbele yake, mita ikasoma volti 21, akaapa ni nzima kama mpya.

BARAKA: Volti! Dada, hapo ndipo machalii wa Chuga wanapopigwa. Paneli ya wati 100 yenye seli 36, vile vipande vya ndani vinavyogeuza jua kuwa umeme, itakuonyesha volti 20 na ushee hata kioo kikiwa na vumbi la Longido, hata kijua kikiwa cha saa moja asubuhi. Paneli ikizeeka, volti hazisogei sana. Zinazopungua ni ampea, yaani kiasi cha umeme unaopita.

NEEMA: Sasa apimeje?

BARAKA: Saa sita mchana, mawingu hakuna, kioo kimefutwa, paneli inatazama jua. Waya mwekundu wa mita auhamishie kwenye tundu la ampea 10, aguse chanya na hasi ya paneli. Hizo ni ampea za shoti. Kibandiko cha nyuma kinaziandika Isc. Ya wati 100 huwa ni kati ya 5 na 6. Mita ikisoma 3, amrudishie mwenyewe.

NEEMA: Na zile kubwa za wati 400?

BARAKA: Hapana! Nyingi zinapita ampea 10, atachoma fyuzi ya mita. Hizo atafute mita ya kubana, ile inayokumbatia waya kwa nje, inayosoma DC, umeme wa moja kwa moja. Tena kuna ujanja mwingine: lehemu za ndani zikiwa zimeachia, ampea za shoti zinaweza kuonekana nzuri, ukiiwekea mzigo inalegea. Kwa hiyo aende na betri iliyoshuka chaji na kontrola, kile kifaa cha kuongoza chaji, aone inachaji kwa ampea ngapi.

NEEMA: Muuzaji gani wa sokoni atakuvumilia hivyo?

BARAKA: Asiyekuvumilia ameshakujibu.

NEEMA: Haya. Kwa kawaida inachoka kwa kasi gani?

BARAKA: Taratibu mno. NREL, maabara ya nishati jadidifu kule Marekani, walikusanya vipimo karibu 2,000 vya paneli za nje, wakakuta thamani ya katikati ya kupungua nguvu ni kama nusu asilimia kwa mwaka. Wati 100 baada ya miaka 10 ni kama 95. Na Lugano, Uswisi, kuna mtambo ulioungwa kwenye gridi mwaka 1982. Miaka 35 baadaye paneli zake nyingi bado zilitoa zaidi ya asilimia 80 ya nguvu ya mwanzo.

NEEMA: Uswisi kuna baridi, fundi. Njoo Moshi, Februari, juu ya bati.

BARAKA: Sawa, joto linaharakisha uzee. Mchana paneli inatanuka, usiku inasinyaa, miaka nenda rudi. Lehemu za kati ya seli na seli zinapata nyufa. Ile plastiki iliyoshika seli chini ya kioo inapigwa na jua mpaka inakuwa rangi ya chai. Unyevu ukipenya pembeni, vile vistari vyembamba vya chuma juu ya seli vinaliwa. Lakini usichanganye na joto la siku moja. Seli ikifika nyuzi 60, paneli inapoteza kama asilimia 14, ikipoa inarudisha. Ndiyo maana ninagombana na mafundi wanaoilaza kwenye bati bila nafasi ya upepo.

NEEMA: Na kwetu uchagani, jani la mgomba likiangukia kona moja?

BARAKA: Seli zilizofunikwa zinageuka mzigo wa zile nyingine na kupata moto. Kuna dayodi nyuma, vifaa vidogo vya kuupitisha umeme kando ya seli hizo, za kuzuia hilo. Zikifa, utaona doa la kuungua. Lile halifutiki. Kata jani.

NEEMA: Vumbi je? Mimi nalishushia ndoo ya maji mchana.

BARAKA: Weee! Kioo cha moto na maji baridi, utakipasua. Osha alfajiri, kitambaa laini, wala usitumie steelwire ya masufuria. Na usipande juu ya paneli. Kioo kitakubeba, seli chini zitapasuka bila wewe kuona.

NEEMA: Msikilizaji wetu alitajiwa nusu ya bei ya dukani, na paneli hazina kibandiko.

BARAKA: Kwa mtumba isiyo na kibandiko? Asinunue hata kwa robo. Isc ya kulinganisha ataitoa wapi?