Chikadi wa gramu 11 na usiku wa saa 15: kulisha ndege uani wakati wa baridi

Hamjambo ndugu zangu wa Kampala, Jinja, Arua, Bombo, Kasese na kokote mnakonitazama. Wazee wangu, shikamooni. Hapa ni Waltham, jimbo la Massachusetts, mwezi wa Januari, saa moja na nusu asubuhi. Kipimajoto cha ukutani kinasoma nyuzi 12 chini ya sifuri. Leo kamera haitoki nje ya ua huu.

Swali linalokuja sana kutoka nyumbani ni la haki kabisa. Kwetu ndege anaamiwa. Mtama ukianza kukomaa, mtoto anapanda dunguni na manati yake, anapiga kelele tangu alfajiri hadi magharibi. Huku mtu ananunua alizeti, mfuko wa kilo 18, anawawekea ndege ambao hatawafuga wala hatawala. Kwa nini?

Sogeeni mwone huyu, jibu analo yeye. Kofia nyeusi, koo jeusi, shavu jeupe: anaitwa chikadi. Tazameni anavyofanya. Anatua, anachukua mbegu moja tu, anaondoka. Haili hapa. Anaenda kwenye tawi lile, anaibana mbegu kwa vidole vya miguu, anaigongagonga kwa mdomo mpaka ganda linapasuka, anakula kiini, anarudi. Safari inayofuata huenda asile, akaichomeka mbegu kwenye ufa wa gome la mti, na akaikumbuka baadaye. Uzito wake ni kama gramu 11, sawa na kijiko kimoja cha mezani cha sukari.

Sasa fikirini usiku wake. Uganda jua linachomoza karibu saa moja kasorobo asubuhi na kutua karibu saa moja kasorobo jioni, mwaka mzima. Hapa mwezi wa Desemba jua linazama saa kumi na robo jioni na halirudi mpaka saa moja na dakika kumi asubuhi. Usiku wa karibu saa 15 bila tonge, kwenye baridi ya kugandisha maji ndani ya ndoo. Mchana joto la mwili wa chikadi ni kama nyuzi 42. Usiku analishusha mpaka karibu 30 ili asiunguze akiba yake yote ya mafuta, anavimbisha manyoya na kutetemeka mpaka kuche. Mafuta aliyojaza mchana yanakwisha usiku huohuo, na kesho anaanza upya. Ndiyo maana asubuhi hii wana haraka namna hii.

Je, bila sisi wangekufa wote? Hapana. Watafiti wa Wisconsin waliwafuatilia chikadi miaka ya 1980. Kati ya ndege 100 waliopata chakula cha watu, 69 walivuka majira ya baridi. Kati ya 100 wasiokipata, walivuka 37. Tofauti ilitoka hasa kwenye miezi ya baridi kali. Lakini hata waliolishwa, chakula cha watu kilikuwa kama sehemu moja kati ya tano ya mahitaji yao ya siku. Kilichobaki walikitafuta wenyewe mitini. Na vyombo vilipoondolewa, waliovizoea hawakufa zaidi ya wenzao ambao hawakuwahi kulishwa. Kwa hiyo anayekwambia ukiacha siku mbili umewaua, anakutisha bure.

Tuje kwenye chakula. Kama utanunua kitu kimoja tu, nunua alizeti ndogo nyeusi ya kukamulia mafuta, jamii ileile inayolimwa Lira kwa ajili ya vinu. Ganda lake ni jembamba na kiini kimejaa mafuta. Ile kubwa ya mistari ina ganda gumu linalowashinda wadogo. Kwa ua wa kadiri hii, vikombe viwili asubuhi vinatosha. Kipimo chako ni jioni: chombo kiwe karibu kitupu. Kikibaki nusu, kesho punguza.

Mifuko ya bei rahisi iliyochanganywa iogopeni. Wanaijaza mtama mwekundu. Wakulima wetu wanajua kwamba mtama mwekundu wenye ukakasi ndege huuacha mpaka mweupe uishe. Na hapa mashariki ya Marekani pia ndege hawautaki huo mwekundu. Wanautupa chini wakitafuta alizeti, unalowa, unaota ukungu, na usiku panya wanakuja. Umelipia kilo tano, zimeliwa mbili. Uwele mweupe ni tofauti: ukiunyunyiza chini kiganja kimoja, hawa junko wa kijivu wenye tumbo jeupe, pamoja na shomoro na hua, wanaumaliza.

Kuna mbegu nyingine nataka muione karibu. Nyembamba, nyeusi, kama kipande cha uzi. Kwenye mfuko wameandika Nyjer, lakini ni nug ya Ethiopia, ile wanayokamua mafuta ya kupikia. Inalimwa Ethiopia na India, na kabla ya kuingia Marekani lazima ipitishwe kwenye joto kali ili mbegu za magugu zilizochanganyika nayo zisiote. Inapendwa na chiriku wa huku, ambao kiangazi dume wao ni wa manjano na sasa amefifia kuwa rangi ya mzeituni. Inahitaji bomba lenye vitundu vidogo sana, la sivyo inamwagika yote. Ikikaa miezi mingi inakauka mafuta na chiriku wanaisusa. Ukiona hawaji, mara nyingi ndege hawana tatizo, mbegu imechakaa. Nunua kidogo kidogo.

Halafu shahamu. Haya ni mafuta magumu yanayozunguka figo za ng'ombe. Bucha yoyote atakuwa nayo. Yakatekate vipande vidogo, yayeyushe kwa moto mdogo sana, chuja, acha yagande, kisha yayeyushe na kuyachuja mara ya pili. Watu wanairuka hatua hii ya pili, halafu wanashangaa kwa nini keki yao inavunjika: mafuta yaliyoyeyushwa mara moja hayashikani vizuri. Kwa vikombe viwili vya shahamu iliyoyeyuka, tia kikombe kimoja cha siagi ya karanga na vikombe viwili na nusu vya unga wa mahindi. Mimina kwenye bakuli la pembe nne, unene wa sentimita nne, ugande nje. Kwa walioko kaskazini ya Uganda, odii, ile siagi ya karanga na simsim, ingefaa kabisa, mradi haina chumvi. Chumvi ni mwiko hapa. Mafuta yaliyobaki kwenye kikaango cha nyama ya chumvi usiwape. Mkate nao hauna maana. Unajaza tumbo na hautoi joto la kumvusha ndege usiku. Na keki hii ni ya baridi tu. Joto likipanda inalainika, inachacha, inapaka manyoya ya kifuani, na manyoya yenye grisi hayazuii tena maji wala baridi.

Yule kigogota mdogo mwenye doa jekundu kisogoni, mnamwona anavyoegemeza mkia kwenye kitundu cha waya chenye keki ya shahamu? Mkia ndio mguu wake wa tatu. Kitundu chenye ubao unaoshuka chini kinamfaa zaidi kuliko kifupi. Na huyu anayeshuka kwenye shina kichwa chini, mgongo wa kijivu, anakagua nyufa ambazo kigogota, anayepanda, hakuziona.

Mahali pa kutundika. Vioo vya madirisha vinaua ndege wengi mno nchi hii. Makadirio ya watafiti yaliyotolewa 2014 yanafika karibu bilioni moja kwa mwaka kwa majengo yote. Ndege anaona mti ndani ya kioo na kuufuata. Kwa hiyo weka chombo ama chini ya mita moja kutoka dirishani, ambapo akiruka kwa hofu hajapata kasi ya kumvunja shingo, ama zaidi ya mita 10. Kati ya hapo ndipo pabaya. Dirisha lenyewe libandikwe vitone upande wa nje, kila kimoja sentimita tano kutoka kwa mwenzake, kioo kizima. Ile picha moja ya mwewe ambayo watu wanabandika katikati haisaidii. Ndege wanaipita pembeni.

Kichaka kiwe karibu mita tatu. Kikiwa mbali zaidi, ndege hawana pa kukimbilia kipanga akija. Kikiwa karibu zaidi, paka anajificha humo. Paka wako abaki ndani. Kipanga mwenyewe akikaa juu ya mti siku nzima, ondoa chakula siku chache, atahama. Usimguse. Sheria ya mwaka 1918 inawalinda karibu ndege wote wa asili wa hapa, hata unyoya ulioanguka huruhusiwi kuuweka nyumbani bila kibali.

Kindi, mwizi wa mbegu, ni hesabu tu. Anaruka zaidi ya mita moja kwenda juu na karibu mita tatu kwenda pembeni. Simamisha mlingoti wa chuma mita tatu kutoka mti, uzio au paa, na katikati yake fungia bati lililokunjwa kama koni, mdomo wake ukiangalia chini, kwenye kimo cha mita moja na nusu. Msipake mlingoti grisi, inaganda kwenye manyoya ya kindi na ya ndege. Mbegu zenye pilipili zinafanya kazi kwa sababu ndege hausikii ule ukali na kindi anausikia, ila siku ya upepo ungaunga wake unaingia machoni mwa anayejaza.

Maji yanasahaulika kabisa. Theluji imejaa kote, lakini kuiyeyusha tumboni kunamla ndege joto. Beseni hili lina kifaa cha umeme chini yake kinachozuia maji yasigande. Kimeunganishwa kwenye soketi ya nje yenye swichi inayojikata umeme ukivuja. Kina cha maji kisizidi sentimita tano. Kamwe usitie dawa ya kuzuia kuganda.

Sasa kaeni hapa nami, kwa sababu hili ndilo ninalotaka mlisikie kuliko yote. Chombo cha kulishia kinafanya kitu ambacho msitu haufanyi: kinawakutanisha ndege arobaini kwenye matundu sita. Wanakula, wanakunya, wanagusana. Mmoja akiwa mgonjwa, amewapa wote. Mwanzo wa 2021 bakteria wa salmonela waliua ndege wengi kwenye vyombo vya majumbani Marekani, na watu pia waliugua kwa kuvishika. Na yule ndege mwekundu wa kifuani jamii ya chiriku ana ugonjwa wa macho ulioonekana kwa mara ya kwanza 1994 karibu na Washington: macho yanavimba, yanatoa usaha, yanaziba, anakufa njaa akiwa mbele ya chakula. Bakteria wake ni walewale wanaowaletea kuku mafua sugu. Wafugaji wa kuku mnaonisikiliza mnawajua vizuri.

Tazameni chini ya bomba hili. Mnaona tabaka hili la chini, limeshikana kama ugali uliolala? Theluji iliingia, mbegu zikalowa, na kila siku nyingine mpya zikamwagwa juu. Hilo ndilo kosa kubwa la watu wengi: kujaza juu ya mabaki. Kabla ya kujaza, geuza bomba, gonga, toa yote. Kila wiki mbili, na kila wiki kama ndege ni wengi, lifungue vipande vyote, lisugue kwa burashi na maji ya sabuni. Kisha lilowekwe dakika 10 kwenye maji yenye jiki, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji. Suuza mpaka harufu iishe. Halafu likauke kabisa. Unyevu uliobaki ndani unaanzisha ukungu siku hiyohiyo. Vaa glavu, na usiliogeshee kwenye sinki la vyombo vya kulia. Maganda ya chini yafagiliwe pia, maana junko wanakula hapohapo chini, na maganda ya alizeti yakirundikana yanazuia nyasi kuota masika.

Ukiona ndege amevimba kama mpira, amekaa juu ya chombo, macho nusu yamefumba, na hakimbii ukimkaribia, huyo ni mgonjwa. Usimpe chakula zaidi. Ondoa vyombo vyote wiki mbili, viosheni, wenzake watawanyike. Kama huna nafasi ya kuosha, ni heri usitundike chochote.

Kwa walio Uganda: msiige bomba hili. Kwenu matunda, wadudu na mbegu vipo miezi yote. Wakati wa kiangazi, beseni la maji lisilo na kina, likisuguliwa kila siku, litawafaa zaidi. Na katikati ya Februari kuna siku nne za kuhesabu ndege wa nyumbani. Zilianza huku 1998, na tangu 2013 dunia nzima inashiriki kupitia eBird, tovuti ya kuandikia ndege ulioona. Dakika 15 zinatosha, hata kwa kukaa barazani. Andika idadi kubwa ya kila aina uliyoiona kwa wakati mmoja. Ukijumlisha kila anapotua, chikadi mmoja anakuwa ishirini. Kwetu kuna zaidi ya aina 1,000, na kaloli, yule korongo mkubwa wa juu ya paa, naye anahesabiwa.

Nimewawekea na kipande cha jioni, saa kumi na dakika ishirini. Chikadi wameshaingia kwenye matundu yao. Mwanga umebaki kidogo tu, na huyo mwekundu mwenye shungi ni kardinali dume, mara nyingi huwa wa kwanza alfajiri na wa mwisho machweo. Anageuza mbegu ubavuni mwa mdomo, anaibana, ganda linaanguka kwenye theluji. Nyingine tena. Jike wake yuko chini, kushoto, rangi ya udongo.