Joto Kwanza, Chakula Baadaye: Kumwinua Mjusi wa Ndevu Aliyetelekezwa

(Mhadhara kwa wafugaji wa wanyama wa nyumbani, Kinondoni, Dar es Salaam)

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Habari za mchana, ndugu zangu.

Wengi hapa mmeshanisikia nikilisema hili, na nitalisema tena, kwa sababu bado naletewa wanyama waliolishwa vizuri na wanakufa. Sitaeleza kwa kirefu mjusi wa ndevu ni nani. Mnaye nyumbani, au mmeachiwa na mtu aliyehama, ndiyo maana mmekuja. Ni mnyama wa nyanda kame za Australia, kitaalamu Pogona vitticeps, ukoo mmoja na gorong'ondwa wetu, yule wa kichwa cha bluu anayetikisa kichwa juu ya ukuta wa jirani. Akikua hufika sentimita 45 hadi 60 pamoja na mkia, na akitunzwa huishi miaka 8 hadi 12. Basi, hayo yanatosha.

Nilichokuja kusema ni mpangilio. Joto, kisha maji, kisha jua, ndipo chakula. Ukimwokota mnyama aliyekonda, mkono wako wa kwanza usiende jikoni. Najua ni vigumu. Sisi mgeni akiingia tu tunauliza kama amekula. Lakini huyu hana joto lake mwenyewe la kusagia chakula, analitafuta nje ya mwili wake. Ukimshindilia chakula akiwa wa baridi, kinalala tumboni kinaoza, tumbo linajaa gesi, na kile kilichobaki cha uhai wake unakimaliza kwa mkono wa huruma.

Hapo ndipo huwa nakatizwa. "Mzee, Dar hii? Sisi wenyewe tunaungua, yeye anataka taa ya joto?" Haya, tuhesabu. Mwezi wa pili Dar kivulini ni nyuzi 32 hivi. Sebuleni kwenu kwenye kiyoyozi ni 24. Huyu, pale anapolaza tumbo kuota, anahitaji 38 hadi 42, na upande wa pili wa banda ubaki 26 au 28 ili akitosheka akimbilie huko. Kwao anapanda juu ya jiwe au nguzo ya uzio, anaota, kisha anashuka kivulini. Anachotafuta ni mahali penye moto, hewa ya jasho haimsaidii. Na gorong'ondwa wa hapa hapa Dar, je? Saa tatu asubuhi yuko juu ya tofali, ametanua kifua, na joto lote hili. Huyo mbona hamumshangai?

Sasa nieleze yule wa Mikocheni. Waliomsikia wanivumilie, maana ndani yake mna kila kitu.

Familia ilihama nchi, mjusi akabaki na dada wa kazi. Aliyehama aliacha maelekezo ya jenereta na ya bwawa la kuogelea, yameandikwa na kubandikwa ukutani. Ya mnyama hakuacha hata mstari. Dada wa watu alifanya alichoweza. Alimpa wali, mchicha, vipande vya nyama. Alimweka kwenye tangi la kioo karibu na dirisha ili "apate jua", ndani ya chumba cha kiyoyozi, na juu kuna taa ya kawaida ya dari. Aliponiita aliniambia, "Mzee, anakula lakini anazidi kukonda." Namtetea yule dada kila ninaposimama, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyejali.

Nilimkuta ndevu, yaani ile ngozi ya miiba chini ya kidevu, zimekuwa nyeusi ti, macho yamedidimia. Ukiibana ngozi ya ubavuni kwa vidole viwili inabaki imesimama, hairudi. Hayo ni maji yamekwisha mwilini. Mkono wa kushoto umevimba pale kati ya kiwiko na kiganja. Nikaligusa taya la chini kwa ncha ya kidole, likabonyea. Mfupa mzima wa taya haubonyei, ndugu zangu! Akijaribu kutembea, vidole vinatetemeka na tumbo linaburuzika. Kwenye kidole kimoja cha mguu wa nyuma palikuwa na pete ya ngozi kuukuu isiyobambuka, imekaza, na mbele ya pete kidole kimeshaanza kuwa cheusi. Pete kama hiyo ukiiacha, kidole kinakatika.

Dada alikuwa ameshaandaa nyama ya kusaga. Nikamwambia iweke kwenye friji, leo hatumlishi. Alinitazama kama mtu mkatili.

Tukazima kiyoyozi. Tukatafuta glopu ya joto ya wati 100, ile wanayotumia wafuga vifaranga, tukaining'iniza juu ya jiwe bapa, mbali kiasi asiweze kuigusa. Halafu tukapima, kwa kipimajoto chenye waya, kile cha mashine za kutotoleshea mayai. Msipime kwa kiganja. Kiganja kinadanganya, na mnyama dhaifu akiungua hana nguvu za kujisogeza. Jiwe lilipofika 38 tukamlaza, tukamwacha apate joto mpaka ndani. Ndipo tukaleta beseni la maji ya uvuguvugu, kina cha kufika kwapani tu, mkono wangu chini ya kidevu chake muda wote. Mara ya kwanza alikaa tu. Baadaye alishusha mdomo akaanza kulamba, polepole, anameza, anapumzika, analamba tena. Ile pete ya ngozi ililainika humo humo kwenye beseni, siku baada ya siku, ikatoka kwa pamba iliyolowa. Hatukuivuta kwa nguvu.

Tulijuaje maji yameingia? Kwa kinyesi. Kinyesi chake kina sehemu nyeupe, ndiyo mkojo wake. Ya kwanza ilitoka ya manjano, ngumu, inamong'onyoka. Baadaye ikawa nyeupe na laini. Nilimwonyesha dada, akafurahi kuliko mimi.

Chakula kilianza kwa matone ya boga lililosagwa, mdomoni kwa pembeni, ayalambe mwenyewe. Kidogo kidogo. Mnyama aliyekaa na njaa muda mrefu ukimpa sahani iliyojaa, madini ya damu yanavurugika ghafla na moyo unaweza kusimama. Halafu tukamletea funza wa inzi weusi, hawa wanaofugwa siku hizi kwa chakula cha kuku. Wana kalsiamu nyingi kuliko wadudu wengi. Tulimpima kwa mizani ya jikoni kila wiki, tukaandika. Macho yatakudanganya kwa sababu unampenda, mizani haikupendelei.

Mifupa ilikazika, taya likawa gumu, leo anashika panzi mwenyewe. Mkono wa kushoto ulibaki umepinda. Mfupa ukishapinda unakazika ukiwa hivyo hivyo, na hilo hakuna dawa yake.

Sasa lile la dirisha, kwa sababu naona dada wa pale mbele ananyoosha mkono na najua anachouliza. "Alikuwa dirishani, jua si alikuwa analipata?" Hapana! Kioo kinapitisha mwanga na joto, lakini mionzi inayohitajika, ile ya UVB, kinaizuia karibu yote. Mionzi hiyo ikigusa ngozi, ndipo mwili unapoanza kutengeneza vitamini D3, na joto la mwili linaikamilisha hatua hiyo. Bila vitamini hiyo utumbo hauchukui kalsiamu, hata umlishe gunia. Na moyo na misuli haviwezi kukaa bila kalsiamu, kwa hiyo mwili unaichota kwenye mifupa. Taya linalegea, mikono inavimba, vidole vinatetemeka. Ni yale yale ya matege kwa watoto. Mama zetu wanaambiwa kliniki wamtoe mtoto nje apate jua la asubuhi. Hakuna anayeambiwa amuoteshe nyuma ya kioo.

Tuna bahati ambayo wafugaji wa Ulaya wanailipia hela nyingi. Jua la Dar, nyuzi 7 tu kusini mwa Ikweta, ni hospitali tosha. Chukua wavu wa kuku, tengeneza kibanda, nusu yake funika kwa khanga ili awe na kivuli, umtoe kuanzia saa tatu asubuhi, nusu saa hivi. Na ukae naye hapo. Kunguru wa Dar hawana simile, na paka ndiyo usiseme. Kamwe usilitoe tangi la kioo juani. Linageuka tanuri kwa dakika chache, na nimeshaitwa kwenye maafa hayo.

Asiye na uwanja, anayeishi ghorofani, anunue taa halisi ya UVB, na ajue kwamba inachoka ndani ya miezi 6 hadi 12 ingawa bado inawaka. Taa ya saluni ya kukaushia kucha si hiyo. Taa ya kuulia mbu si hiyo. Taa ya kuulia vijidudu ndiyo kabisa, itamchoma macho. Rangi ya zambarau haimaanishi kitu.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo haya mengine nayapitia mbio.

Majani: mchicha usiwe chakula cha kila siku, una oksaleti inayoifunga kalsiamu. Sukuma wiki ni bora, boga ni zuri. Parachichi ni sumu kwake. Mdudu asizidi upana wa nafasi kati ya macho yake mawili. Mende wa jikoni msimpe, nyumba zetu zimepulizwa dawa. Na kimulimuli, ndugu zangu, kimoja tu kinamuua, kwa hiyo banda la nje lisilale nje usiku. Kalsiamu mnaweza kuipata kwenye gamba jeupe la ndani la ngisi, linaokotwa ufukweni: loweka chumvi itoke, anika, saga, nyunyizia juu ya wadudu.

Unyevu. Huyu ni wa jangwani na sisi tuko pwani. Msimpulizie maji bandani, wekeni matundu ya hewa pande mbili. Akitoa mapovu puani au akipumua kinywa wazi akiwa hata si kwenye joto, ni mapafu, mwone daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Kama daktari amezoea ng'ombe na kuku tu, mpelekee kinyesi kibichi akiangalie kwa hadubini, hilo analiweza. Dawa ya minyoo msijinunulie dukani na kukisia kipimo. Ivermectin inayofaa mbuzi inaua kobe, na ndani ya nyumba zenu mna kobe pia.

Watoto wadogo wanawe mikono kwa sabuni wakimshika, anabeba salmonela hata akiwa mzima. Beseni lake lisirudi kwenye vyombo.

Na anayesema "nitamwachia tu Pugu akajitafutie": ule ni msitu wa asili wenye mijusi yake. Mjusi wa Australia ama atakufa humo, ama atawaachia wenyeji magonjwa. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu mwaka 2008. Umeshindwa, mtafute anayeweza, na umkabidhi pamoja na taa yake.

La kulala kwake muda mrefu msimu wa baridi na la kuzalisha dume na jike nimeyaacha, tutayatafutia siku. Naambiwa kuna kijana amekuja na wake ndani ya boksi la viatu. Usimfungue humu, mwanangu, kiyoyozi kinapuliza. Tutangulie nje kwenye jua, na mwenye swali anifuate huko huko.